Saratani ya ngozi: Chakula ni ngao ya pili, si ya kwanza

Ndugu msomaji, siku moja yapata saa saba mchana nilikuwa nimesimama katika kituo kimoja cha daladala jijini Dar es Salaam, jua likiwa la utosi. Kijana mmoja alikuwa akinadi kwa kipaza sauti unga wa majani uliofungwa katika pakiti ndogo ndogo. Alidai kuwa unga ule unakinga na kutibu saratani za aina zote, kuanzia ya tumbo hadi ya ngozi. Mbele yake alisimama mama mmoja na mwanawe wa kiume wa umri wa kama miaka tisa. Mtoto yule ana ualbino. Hakuwa na kofia. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ngozi ya masikio na shingo ilikuwa imekauka na kufanya magamba. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa fedha, akanunua pakiti mbili.

Nilisogea nikamsalimu, kisha nikamuuliza, "Dada, mwanetu ana kofia nyumbani?" Akanijibu kwa upole, "Kaka yangu, kofia aliyokuwa nayo ilipotea shuleni. Nyingine bado sijajaliwa. Ila huu unga nimeambiwa unamkinga kutokea ndani."

Maneno yale, "kutokea ndani", ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Ingekuwa rahisi kusema kwamba yule mama kadanganywa, tukayamaliza. Lakini ukweli haukukaa hivyo. Wapo wanasayansi wakubwa ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza swali hilo hilo: je, vilivyomo katika vyakula vyetu vinaweza kuikinga ngozi na saratani kutokea ndani? Majibu waliyoyapata yapo, na baadhi yake yanatia moyo. Tatizo ni kwamba majibu hayo yakifika sokoni hukatwa kichwa na miguu, kikabaki kipande cha kuuzia bidhaa. Hivyo hapana budi tuyatazame kwa ukamilifu wake.

Jua linavyoiumiza ngozi

Tuanze na chanzo. Mwanga wa jua una mionzi tusiyoiona kwa macho, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Inayotufikia ni ya aina mbili, A na B. Aina B ndiyo hasa inayobabua ngozi, nayo hupiga moja kwa moja vinasaba vilivyomo ndani ya seli za ngozi na kuvigandanisha mahali pasipotakiwa. Aina A hupenya ndani zaidi na huzalisha chembechembe haribifu ambazo nazo huvila vinasaba na mafuta ya seli.

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Seli ina mafundi wake ambao kila siku hukata kipande kilichoharibika na kuunga kipya. Seli iliyoharibika kupita kiasi huamriwa ijiue. Ikikaidi, askari wa kinga ya mwili huitambua na kuiondoa. Saratani huanza pale ambapo uharibifu umewazidi mafundi, amri ya kujiua haisikilizwi, na askari wamelala. Baya zaidi ni kwamba jua lenyewe huwalaza askari hao: mionzi ya urujuanimno hupunguza nguvu ya kinga katika ngozi, na huimaliza nishati ambayo mafundi wa seli wanaihitaji kufanyia kazi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka mwanga wa jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1992. Hilo ndilo kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika, na ndimo ulimo moshi wa sigara.

Ni nani aliye hatarini?

Hapa wengi wetu huwa tunasema, "Huo ni ugonjwa wa Wazungu." Kauli hiyo ina ukweli nusu. Rangi nyeusi ya ngozi, yaani melanini, ni mwavuli mkubwa, na ndiyo maana saratani za ngozi zinazotokana na jua ni chache kwa Mwafrika mwenye rangi hiyo.

Lakini ndugu zetu wenye ualbino hawana mwavuli huo. Wamezaliwa na kuishi chini ya jua la Ikweta, wengine ni wakulima, wavuvi na wachuuzi, na jua hilo hilo tunaloliita la kawaida kwao ni moto. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionesha jinsi madhara ya jua yanavyoanza utotoni kwa watu wenye ualbino, na jinsi saratani zinavyowafuata wakiwa bado vijana. Saratani inayowapata zaidi ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na mara nyingi hutokea kichwani, usoni na shingoni. Huanza kama kidonda kidogo au gamba lisilopona. Likiondolewa mapema, mtu hupona kabisa. Likiachwa, hula mfupa.

Na sisi wenye rangi nyeusi tusijisahau. Kuna saratani ya seli za rangi, inayoitwa melanoma, ambayo kwetu hupenda kutokea mahali pasipo na rangi nyingi: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa nayo katika kidole cha mguu mwaka 1977, naye alifariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Aidha, kovu kubwa la moto au kidonda sugu cha mguu kilichokaa miaka mingi kinaweza kugeuka kuwa saratani. Hizi hazitokani na jua, na hakuna mboga wala unga utakaozizuia. Dawa yake ni kuziona mapema.

Kwa hiyo tunapozungumzia chakula na saratani ya ngozi katika makala haya, tunazungumzia hasa zile saratani zinazoletwa na jua, na watu wanaohusika zaidi hapa kwetu ni wenye ualbino.

Je, kweli chakula hugusa ngozi?

Ndiyo, na ushahidi wake ni wa siku nyingi. Kuna ugonjwa uitwao pelagra. Mtu mwenye pelagra, ngozi yake iliyo wazi juani huwa nyeusi, hubabuka na kufanya magamba; shingoni alama hizo humzunguka kama mkufu. Baadaye huharisha, akili huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu uliua maskini kwa maelfu, na madaktari wengi waliamini ni wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya nchi hiyo ilimtuma Dk Joseph Goldberger kuuchunguza. Akagundua kwamba tatizo ni sahani: maskini wale walikula mahindi na vyakula duni, bila nyama, maziwa wala mboga za kutosha. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alitambua kirutubisho kilichokosekana. Leo tunakiita niasini, au vitamini B3.

Msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na mlipuko mkubwa wa pelagra. Waliougua walizidi 17,000. Chakula chao cha msaada kilikuwa mahindi, na karanga walizokuwa wakipewa zilikuwa zimekatika. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Wenyeji wa Mexico tangu kale huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa ile huifungua. Sisi tuliyachukua mahindi yao bila kuchukua mapishi yao.

Angalieni jambo lililopo hapa. Kirutubisho kimoja kikikosekana katika chakula, ngozi hushindwa kulistahimili jua. Ni dhahiri basi kwamba uhusiano kati ya chakula, ngozi na jua si hadithi ya wauza dawa. Swali linalobaki ni hili: ikiwa upungufu unaidhoofisha ngozi, je, ziada inaiimarisha?

Vidonge vya Australia

Swali hilo liliulizwa kwa namna ya kisayansi nchini Australia, nchi yenye saratani nyingi mno za ngozi kwa kuwa wakazi wake wengi ni Wazungu waliohamia kwenye jua kali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwachukua watu 386 ambao kila mmoja alikuwa ameshapata angalau saratani mbili za ngozi zisizo melanoma katika miaka mitano iliyotangulia. Nusu walipewa nikotinamaidi, ambayo ni sura moja ya vitamini B3, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Nusu walipewa vidonge bandia visivyo na kitu. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 12, waliomeza nikotinamaidi walipata saratani mpya pungufu kwa asilimia 23 kuliko wenzao. Maelezo ya wataalamu ni kwamba kirutubisho hiki huzirudishia seli nishati iliyomalizwa na jua, hivyo mafundi wa vinasaba huendelea na kazi, na askari wa kinga hawalazwi kirahisi.

Hiyo ni habari njema, nami siipunguzii thamani. Ila isomwe yote. Kwanza, walipoacha kumeza vidonge, faida ilikoma. Pili, watu wale hawakuwa watu wa kawaida bali ni waliokwisha kuugua. Tatu, mwaka 2023 kilichapishwa kipimo kingine kilichofanywa kwa watu waliopandikizwa viungo kama figo, ambao kinga yao imepunguzwa kwa dawa, na kwao faida haikuonekana. Nne, na hili ni kubwa, kipimo cha miligramu 1,000 kwa siku si chakula tena, bali ni dawa.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anahitaji niasini miligramu 14 hadi 16 hivi kwa siku. Gramu 100 za karanga zina kama miligramu 12. Kufikisha miligramu 1,000 kwa karanga, ungehitaji kula zaidi ya kilo nane kila siku! Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba unga wake wa majani "una vitamini ile ile waliyoitumia Australia", mwulize ina miligramu ngapi katika kijiko kimoja. Hapo ndipo kipaza sauti kitakapozimwa.

Nyanya, chai na manjano

Tuje kwenye vyakula vyenyewe. Mimea nayo hukaa juani mchana kutwa, wala haina pa kukimbilia. Kwa hiyo imepewa rangi na viambata vya kujilindia. Nyanya ina rangi nyekundu iitwayo likopini. Karoti, maembe, mapapai, maboga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mafuta ya mawese vina karotini. Majani ya chai yana polifenoli. Manjano yana kurkumini. Zabibu na komamanga vina viambata vyake. Tunapovila, baadhi ya viambata hivi hufika hadi kwenye ngozi na kusaidia kuzizima zile chembechembe haribifu.

Kuhusu nyanya, watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha mwaka 2001 jaribio ambalo watu walikula gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki kumi. Kisha ngozi zao zikapigwa mionzi kwa kipimo. Wekundu wa kuungua ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko kwa wale ambao hawakula nyanya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walieleza kuwa panya dume waliolishwa chakula chenye asilimia 10 ya unga wa nyanya kwa wiki 35 walipata uvimbe wa saratani nusu ya wenzao baada ya kupigwa mionzi. Kwa panya jike tofauti haikuonekana.

Kuhusu chai, panya walionyweshwa chai ya kijani walipata uvimbe mchache katika majaribio mengi tangu miaka ya 1990. Lakini ilipojaribiwa kwa binadamu nchini Uingereza, katika kipimo kilichochapishwa mwaka 2015, watu waliopewa viambata vya chai ya kijani kwa wiki 12 hawakuonesha tofauti ya maana katika kuungua na mionzi. Manjano nayo hufanya maajabu katika chupa za maabara, ila kurkumini hupita tumboni na sehemu ndogo sana tu huingia katika damu.

Na kuhusu vitamini A, mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa Marekani uliofuatilia maisha ya watu zaidi ya 120,000 kwa miaka mingi. Waliokula vitamini A kwa wingi zaidi, na sehemu kubwa ilitoka katika mboga na matunda, walikuwa na saratani ya seli bapa pungufu kwa asilimia 17 kuliko waliokula kidogo zaidi. Huo ni ufuatiliaji, si jaribio. Huenda anayekula mboga nyingi pia ndiye anayevaa kofia. Hata hivyo unaelekea upande ule ule.

Tukiyajumlisha haya, tunapata picha moja: chakula chenye mboga na matunda ya rangi rangi kinaipa ngozi msaada mdogo lakini wa kweli. Na msomaji anaweza kusema, "Kama kidogo kinasaidia, kikubwa kitasaidia zaidi; nipeni hicho kiambata kwenye kidonge." Hapo ndipo watu walipoumia.

Kidonge kilipogeuka

Mwaka 1990 kilichapishwa kipimo cha Marekani ambapo watu 1,805 waliowahi kuugua saratani ya ngozi walipewa ama karotini ya vidonge, miligramu 50 kwa siku, au vidonge bandia, kwa miaka mitano. Saratani mpya hazikupungua hata chembe.

Wakati huo huo nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walikuwa wakipewa karotini na vitamini E kwa matumaini kwamba zitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza karotini walikuwa wameugua saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Kipimo kingine cha namna hiyo huko Marekani kilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996 kwa sababu madhara yalikuwa yanaonekana.

Madini ya seleniamu nayo yalijaribiwa kwa watu 1,312 waliowahi kuugua saratani ya ngozi. Hayakuikinga ngozi, uchambuzi wa baadaye ulionesha kuwa saratani ya seli bapa iliongezeka. Huko Ufaransa, mchanganyiko wa vitamini na madini uliotolewa kwa miaka kadhaa ulihusishwa na ongezeko la saratani ya ngozi kwa wanawake, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2007.

Kwa nini karoti ya shambani isidhuru, na kidonge cha karoti kidhuru? Karoti ina karotini kidogo, pamoja na viambata vingine vingi, na hufyonzwa taratibu. Kidonge ni kitu kimoja kwa wingi usio wa kawaida. Isitoshe, kiambata kinachoilinda seli nzima kinaweza pia kuilinda seli ambayo tayari ni ya saratani. Ukiwagawia wote chakula, na mwizi naye atashiba.

Ngao mbili katika mizani moja

Ndugu msomaji, kama utasahau yote, usisahau hili. Katika mji wa Nambour, Queensland, nchini Australia, watafiti waliziweka ngao mbili katika mizani moja. Kuanzia mwaka 1992 waliwagawa wakazi 1,621 kwa kura. Baadhi walipewa mafuta ya kukinga jua wapake kila siku usoni, shingoni na mikononi. Baadhi walipewa vidonge vya karotini, miligramu 30 kila siku. Baadhi walipewa vyote viwili, na wengine hawakupewa hata kimoja kati ya hivyo viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Waliopewa mafuta ya kila siku walipata saratani za seli bapa pungufu kwa takriban asilimia 40. Karotini haikufanya lolote. Walipofuatiliwa hadi miaka kumi baada ya jaribio kwisha, kundi la mafuta ya kila siku lilikuwa na melanoma nusu ya kundi jingine.

Ngao ya nje ilishinda ile ya ndani, na hilo halihitaji maelezo marefu. Chakula husaidia kurekebisha uharibifu uliokwisha kutokea. Kofia, nguo na kivuli huuzuia usitokee. Mwenye paa linalovuja hawezi kuendelea kudeki tu sakafu.

Yale tunayopaka bila kujua

Kabla sijafika mwisho, kuna mambo mawili ya jikoni na bafuni. Watu wengi, hususan dada zetu, hujipaka maji ya ndimu au limau usoni ili "kung'arisha" ngozi, kisha hutoka nje. Ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huwaka: ngozi hubabuka, hufanya malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi kadhaa. Ndimu mahali pake ni kwenye mchuzi na kachumbari.

Pili ni mkorogo. Mtu aliyeumbwa na mwavuli wake wa melanini anaununua ugonjwa kwa fedha zake. Vipodozi vya kuchubua, hasa vyenye haidrokwinoni na zebaki, huiondolea ngozi rangi inayoilinda, na zebaki huharibu figo. Inasikitisha kuona mama mmoja akihangaika kumtafutia mwanawe kinga ambayo hakuzaliwa nayo, na mwingine akiichubua ile aliyozaliwa nayo.

Tufanye nini?

Kwanza, tule. Ugali peke yake hautoshi. Uwe na maharage, dagaa, samaki au karanga, maana humo imo niasini. Mboga za majani kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga ziwe za kila siku. Tusiyadharau mapapai, maembe na viazi vya rangi ya chungwa. Nyanya ziivishwe kwa mafuta kidogo, kwani likopini na karotini hufyonzwa vizuri zaidi zikiwa na mafuta. Vyote hivi vinapatikana gengeni, na bei yake haifikii ya pakiti mbili za unga wa kituoni. Chakula hiki kitamfaa mtoto moyoni, machoni, tumboni na katika damu, hata kama kwa ngozi msaada wake ni mdogo.

Pili, vidonge vya virutubisho visimezwe kwa ushauri wa muuzaji. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na kwa mama mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mvuta sigara na ajiepushe na vidonge vya karotini. Nikotinamaidi ni jambo la kuzungumza na daktari wa ngozi, kwa mtu ambaye amekwisha kupata saratani ya ngozi.

Tatu, mtoto mwenye ualbino apewe ngao ya kwanza: kofia yenye ukingo mpana inayofunika masikio na shingo, shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua yenye alama ya SPF 30 au zaidi. Kazi za nje na michezo ziwe asubuhi au jioni. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri jua ni kali mno. Walimu nao wana wajibu. Mtoto huyu asipangwe kufagia uwanja saa sita mchana, na asilazimishwe kuvua kofia mstarini eti kwa sababu si sare ya shule.

Nne, ngozi ikaguliwe. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba linalorudi rudi, uvimbe unaotoka damu, au doa jeusi linalokua nyayoni au chini ya kucha, lipelekwe hospitali na si kwa mganga. Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, ambacho kimekuwa kikiwafuata watu wenye ualbino hadi vijijini, na mahali hapo ndipo ulipoanzishwa mradi wa kutengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Uwezo upo nchini. Kinachotuua ni kuchelewa.

Tano, na hili ni letu sote. Kofia na mafuta ya kukinga jua kwa mtu mwenye ualbino si vipodozi. Ni sawa na chandarua kwa mtoto wa nyumba yenye mbu. Kila Juni 13 dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino, hotuba husomwa na picha hupigwa. Ni vizuri. Lakini je, katika mtaa wako yupo mtoto asiye na kofia? Bei ya kofia unaijua.

Nilipomwuliza yule mama kama angekubali tuvuke barabara hadi kwenye genge la mitumba, alicheka kidogo, akasema, "Twende, kaka." Tulimpatia kijana kofia ya ukingo mpana. Ilikuwa kubwa kidogo, ikamfunika hadi nyusi. Akaishika kwa mikono miwili ili upepo usiichukue, na alipopanda daladala alikataa kuivua. Unga ule mama alibaki nao, na sikumwambia autupe. Nilimwambia tu autie kwenye uji kama anapenda, ila mtoto asitoke nje bila kofia.